Shikamoo Elfu Moja na Nane

Siku ya gulio, saa nne asubuhi, Fundi Kornelio Shemboza alikuwa barazani kwake nyuma ya soko la Lushoto akisugua bodi ya redio kwa unyoya wa kuku uliochovywa kwenye spiriti. Unyoya ulikuwa wa jogoo. Wa tetea ni laini mno, hauing'oi kutu. Kazi hiyo alijifundisha mwenyewe kwa kuharibu redio sita, mbili zake na nne za shemeji yake, na sasa, akiwa na miaka sitini na moja, hapakuwa na mtu kuanzia Soni hadi Mtae aliyejua kama yeye namna ya kuikinga bodi isiliwe na maji.

Maji yenyewe si ya mvua. Mvua unaiona ikija, unaingiza redio ndani. Maji yanayoua redio milimani ni ya ukungu, ambao hupita chini ya mlango bila hodi na kukaa popote panapoupendeza. Bodi ni kibao chembamba cha kahawia chenye njia za shaba mgongoni, zinapinda na kukutana kama njia za mbuzi. Njia moja ikiota kutu ya kijani, sauti inakosa pa kupita, na redio inanyamaza. Dawa ya Kornelio ilikuwa kukausha, kusafisha, halafu kupaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwenye kopo la dagaa. Kile kinachozunguka kutafutia stesheni hakipakwi, kwa sababu kikinata, redio itasikiliza Nairobi mpaka kiama. Na palikuwa na sharti moja ambalo alimwambia kila mteja, hata aliyekuja kununua betri tu.

"Kausha kwanza. Ukipaka nta juu ya maji, umemfungia mwizi ndani ya nyumba."

Ndipo Mwanamisi alipopanda ngazi ya baraza na redio mgongoni, ameifunga kwa kanga kama mtoto. Mwanamisi alikuwa mtunza redio wa Kwemvumo, kijiji cha juu huko upande wa Shume, kilichoanzishwa mwaka juzi wakati watu walipoambiwa watoke mabondeni wakakae pamoja.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Mwanamisi. Huyo mtoto anaumwa tena?"

"Amenyamaza tangu juzi."

"Mara ya tatu hii. Mnamwogesha?"

"Redio hii inalala ndani ya sanduku, fundi. Sanduku liko juu ya kichanja, kichanja kiko jikoni kwangu juu ya moto. Mimi mwenyewe silali pakavu hivyo."

Aliifungua kanga, akaiweka redio mezani, akakaa. Hakukaa kama mtu aliyekuja kupumzika. Jumamosi ya wiki iliyofuata alikuwa anakuja Ndugu Mkaguzi wa Mradi wa Redio za Vijiji. Kijiji ambacho angekikuta kinasikiliza masomo kingekuwa cha kwanza kupewa bomba la maji. Kijiji ambacho redio yake imekufa kingenyang'anywa redio, wapewe wenzao wa ng'ambo ya bonde, na bomba lingeifuata. Na Kwemvumo walilihitaji bomba kuliko wenzao wote, maana watu walihamishwa, mto haukuhamishwa. Wanawake waliteremka saa nzima kuufuata ulipobaki, na kupanda saa mbili na ndoo kichwani.

Kornelio alifungua skrubu nne za mgongoni. Ndani, juu ya bodi, mlikuwa na wingu.

Lilikuwa na ukubwa wa yai la bata, jeupe juu na lenye kijivu kidogo chini, nalo lilikuwa limejibanza upande wa spika. Kornelio alilipuliza. Likasogea, likarudi.

"Lina muda gani?"

"Mgongo hatufungui, fundi. Ulitukataza."

"Mmefanya vizuri."

Alichukua daftari lake, akaandika: *Redio ya Kwemvumo. Wingu, moja.* Kisha akalianika juani pamoja na redio, akalitia kwenye sanduku la makaa ya uvuguvugu, akalifuta kwa flana. Wingu lilikaa. Ilipofika saa kumi kamili likanyesha, mvua ya manyunyu ya dakika tano hivi, yote juu ya bodi. Yunis, mkewe Kornelio, alikuwa akileta chai. Alitazama, akakisogeza kikombe kisiingie maji.

"Si wingu la hapa hilo," alisema. "La hapa lingekuwa limeshakwenda kwa jirani kusikiliza maneno."

"Basi nitakwenda kuliangalia linakotoka," alisema Kornelio.

Kesho yake, Ijumaa, yeye na Mwanamisi walipanda lori lililokuwa likienda Shume kupakia mbao. Kornelio alikuwa amegundua kwamba mvua ya saa kumi ikishakatika, bodi ikikaushwa kwa kitambaa cha moto, redio husema kwa saa moja au mbili kabla ya kunyamaza tena. Somo la Kwemvumo lilikuwa saa kumi na moja. Aliikausha, akawasha, akasimama pembeni ya banda la mikutano, mikono nyuma, kama mtu asiye na neno.

Watu walikuwa mia moja na kumi na wawili, wamevaa makoti na mashuka, maana baridi ya Shume haichagui mjamaa na bepari. Redio ikasema, "Habari za jioni, ndugu wananchi." Mwenyekiti wa kijiji, Mussa, akasimama na wote wakasimama, wakapanga mstari. Mmoja baada ya mwingine walikwenda mpaka mezani, wakainama, wakasogeza mdomo karibu kabisa na spika, wakasema kwa sauti ya chini, kwa sababu salamu haipigiwi kelele:

"Shikamoo, mwalimu."

Pumzi ilitoka nyeupe kinywani, ikaingia kwenye matundu ya spika, haikutoka. Kila mmoja alingoja kidogo. Redio ilikuwa ikieleza kipimo cha shimo la choo. Basi mtu aliongeza, kwa sauti ya chini zaidi, "Na bomba letu?" akaondoka, akaja mwingine. Hata Mzee Omari Shekulwavu, aliyekuwa na miaka themanini na mitano na fimbo mbili, aliinama akasema shikamoo.

Kornelio alimsogelea. "Shikamoo, mzee. Na wewe unamwamkia?"

"Marahaba. Umri wake unaujua?"

"Siujui."

"Na mimi siujui. Usiyemjua umri, mwamkie. Hakuna aliyekonda kwa adabu."

Mstari ulipokwisha, redio ilikuwa ikiaga. Watu walikaa, wakaipigia makofi.

"Somo la leo lilikuwa la nini, Ndugu Mwenyekiti?" aliuliza Kornelio.

"La choo, nadhani," alisema Mussa. "Sisi huwa tunalikuta mwisho. Mwisho wake ni mzuri sana."

"Na mwalimu huwa anaitikia?"

"Bado. Ana haraka."

"Mtu wa mjini," alisema Mzee Omari, bila kinyongo.

Kornelio akaelewa, kama mtu anavyoelewa betri imeingizwa kichwa chini. Shikamoo iliyoitikiwa hurudi nyumbani na mwenyewe. Isiyoitikiwa haina pa kwenda. Inabaki pale pale ilipotolewa, inangoja, na kwa baridi ya Shume kitu kinachongoja hugeuka maji. Mama yake alipata kumwambia hivyo zamani, siku Kornelio alipompita mzee mmoja njiani na kujifanya hamwoni, ila yeye alidhani ni maneno ya kumtisha mtoto. Aliuliza wamesalimia mara ngapi tangu alipoitengeneza. Mwanamisi akasema, pamoja na ya leo, mara tisa. Kornelio akapiga hesabu kwa kijiti mchangani: shikamoo elfu moja na nane.

Aliinamia mgongo wa redio. "Marahaba," alisema.

Wingu likapungua kiasi cha punje ya ulezi.

Alirudi nayo Lushoto. Jumapili, baada ya ibada, alikaa barazani, akaifungua redio mbele yake na kuanza kuitikia. Marahaba. Marahaba. Wapita njia walimwuliza anamwitikia nani, akasema Kwemvumo, wakasema wasalimie, wakaenda zao. Yunis alimletea maji ya asali mara tatu. Kufikia alasiri alikuwa ameitikia mia tisa arobaini na tano, sauti imekuwa kama ya mlango, na wingu limebaki na ukubwa wa limau. Aliposema marahaba ya mia tisa arobaini na sita, wingu lilimrushia tone la maji jichoni.

"Umemwitikia mkubwa wako," alisema Yunis, ambaye alikuwa akichambua mboga na hakuinua kichwa.

Ndivyo ilivyokuwa. Zilizobaki zilikuwa za wazee saba wa Kwemvumo, wote wamemzidi umri, mara tisa kila mmoja. Kornelio alikuwa amemwambia marahaba Mzee Omari Shekulwavu. Alivua kofia. "Shikamoo, mzee," aliliambia wingu. "Nilipitiwa." Jumamosi ilikuwa inakuja, na hapa palihitajika mtu mzima kweli kweli.

"Shangazi Secilia yuko Irente," alisema Yunis. "Anashinda analalamika hakuna anayekwenda kumwamkia."

Bibi Secilia alikuwa na miaka tisini na kitu. Kile kitu hakikujulikana, kwa kuwa waliokuwepo alipozaliwa walikuwa wameshalala wote. Walimkuta Jumatatu asubuhi mlangoni kwake, anapukuchua maharage ndani ya ungo. Kornelio alimpigia magoti, akamweleza, akaiweka redio kwenye kigoda. Bibi hakuuliza swali. Alijifuta mikono, akajiweka sawa, akainamisha sikio.

"Marahaba," alisema kwa raha. "Marahaba. Wewe nani? Omari wa Shekulwavu? Mbona sauti imezeeka hivyo, na nilikuona unachunga mbuzi juzi tu. Mama hajambo? Ah, pole. Marahaba. Marahaba, na wewe."

Aliwaitikia wote, sitini na tatu, akiwauliza habari za nyumbani, na alipomaliza, maharage nayo yalikuwa yamekwisha. Alionekana kijana kuliko asubuhi. Lakini juu ya bodi kilibaki kitu kidogo, kiasi cha punje ya harage, cheusi na kizito.

"Bado moja, bibi."

Bibi Secilia alisikiliza tena, kwa muda mrefu. Akarudisha kichwa nyuma.

"Hii si salamu. Hili ni ombi."

"Huwezi kuliitikia?"

"Mwanangu, mimi nina marahaba," alisema. "Bomba sina."

Basi Kornelio alilichota lile wingu dogo kwa kijiko cha mti, akalitia kwenye kibuyu kisafi na kukiziba kwa gunzi. Bodi ilikuwa imebaki peke yake kwa mara ya kwanza. Aliikausha kutwa nzima, akaipitisha unyoya wa jogoo mara mbili, akalehemu upya sehemu moja iliyoliwa, kisha akapaka nta, nyembamba, mpaka njia za shaba zikang'aa kama zimepakwa mafuta ya sherehe. Aliimwagia tone la maji kujaribu. Tone lilizunguka juu ya nta, likakosa mlango, likaanguka chini.

Siku ya gulio Mwanamisi alikuja kuchukua redio, akapewa na masharti. Nta peke yake haitoshi. Mtu mzima akae kando ya redio, na kila anayeamkia aitikiwe pale pale, kabla somo halijaanza. Akapewa na kibuyu.

"Hiki nifanyeje?"

"Hicho ni chenu. Mkifungulie popote, ila si karibu na redio."

Alikifungulia kwenye kitalu cha kabichi cha shamba la kijiji, kwa kuwa ndipo alipokuwa anakwenda. Wingu lilipanda kimo cha mtu, likasimama.

Mzee Omari ndiye aliyechaguliwa kuitikia. Aliketi kando ya meza Ijumaa, nusu saa kabla ya somo, fimbo zake mbili mapajani, akawaitikia watu mia moja na kumi na mmoja kwa niaba ya mwalimu wa redio. Kwa mara ya kwanza Kwemvumo walisikia somo tangu mwanzo. Waligundua kwamba lilikuwa la mfululizo, na kwamba mashimo ya choo waliyokuwa wamechimba kwa kufuata mwisho wa somo yalikuwa ya kupandia migomba. Wakacheka sana, wakapanda migomba. Lakini walipouliza, "Na bomba letu?" Mzee Omari alinyamaza, kwani alikuwa mkweli. Maneno hayo yalitoka vinywani meupe, yakazunguka banda mara moja, yakaelekea kitaluni. Kufikia Jumamosi wingu lilikuwa na ukubwa wa ng'ombe mwenye mimba.

Ndugu Mkaguzi alifika saa tisa, suti ya kaunda, kalamu tatu mfukoni. Kornelio alikuwa ameitwa awepo, endapo redio itaona haya mbele ya mgeni. Haikuona haya. Somo maalumu la Jumamosi lilisomwa, sauti safi kama kengele ya kanisa, na watu wakajibu maswali yote, hata ya choo. Mkaguzi alifurahi. Alitoa karatasi iliyokuwa na orodha ya vijiji, na Kwemvumo kilikuwa cha kwanza juu kabisa, kimepigiwa mstari. Mwanamisi alikiona kwa macho yake. Alimkanyaga Kornelio mguu kwa furaha.

Ilikuwa saa kumi. Kitaluni mvua ilianza kunyesha. Wanawake, ambao walikuwa wameshazoea tangu jana, walikuwa wamepanga ndoo na masufuria chini ya wingu, mstari ulionyooka. Ilinyesha dakika kumi. Mkaguzi alisimama ukingoni mwa kabichi akitazama, huku akifuta tone kwenye kiatu.

"Hii ni kila siku?"

"Saa kumi, Ndugu Mkaguzi," alisema Mussa.

"Ndoo ngapi?"

"Jana moja. Leo naona zitapita ishirini."

Mkaguzi alichomoa kalamu ya pili, ile nyekundu. Alilifuta jina la Kwemvumo, akaandika pembeni kwa mwandiko mzuri: *Kina maji.*

Mussa aliichungulia karatasi. "Samahani, Ndugu Mkaguzi. Hayo si maji. Hilo ni ombi letu."

"Linalowesha?"

"Linalowesha."

"Linajaza ndoo?"

"Linajaza."

"Basi ni maji. Ninyi mnajitegemea, ndugu zangu. Mradi unawapongeza." Akafunika kalamu. "Bomba litakwenda kwa wenzenu wa ng'ambo. Redio mtabaki nayo."

Alipewa kabichi mbili, akaondoka.

Mzee Omari ndiye aliyesema kwanza.

"Tusipouliza tena bomba, wingu litaisha?"

Wote wakamtazama fundi. Kornelio alikuna kidevu. Ilikuwa nje ya kazi yake, lakini kanuni ni ile ile. "Ombi lisilojibiwa haliishi, mzee. Likiulizwa tena, ndiyo linazidi."

"Na wakilijibu?"

"Wakilijibu, mvua inakatika. Mnabaki na bomba."

Mwanamisi aliinua ndoo yake iliyojaa, akajitwika kichwani bila kumwaga tone. "Basi tuulize," alisema. "Kwa vyovyote tutakuwa na la kunywa." Na jioni ile waliuliza wote kwa pamoja, watu mia moja na kumi na wawili, na wengine waliuliza mara mbili kwa sababu ya viazi vyao. Kabichi za Kwemvumo mwaka ule zilikuwa kubwa hata ikabidi zishushwe Lushoto moja moja. Kwa wenzao wa ng'ambo mabomba yalifika, yakarundikwa kando ya njia, yakaota majani.

Miezi mitatu baadaye, siku ya gulio, Ndugu Mkaguzi alipanda ngazi ya baraza la Kornelio na redio kubwa ya ofisini kwake, imefungwa kwenye gazeti lililoloa.

"Imenyamaza, fundi. Wanasema wewe ni bingwa wa nta."

Kornelio alifungua skrubu nane. Ndani wingu lilikuwa limejaa pembe kwa pembe, jeusi, na ukilisogezea sikio ulisikia watu wengi wakiongea kwa sauti ya chini, kwa adabu, kutoka Shume, kutoka Mlalo, kutoka vijiji ambavyo hata Kornelio hakuvijua. Alilisikiliza mpaka akaitambua sauti ya Mwanamisi.

"Ofisini kwako mna barua ambazo hazijajibiwa?"

"Kabati mbili. Kwani?"

"Hizi lazima zijibiwe kwanza, Ndugu Mkaguzi. Zikijibiwa, bodi itakauka yenyewe. Ukipaka nta juu ya maji, umemfungia mwizi—"

"Paka tu, fundi. Nina kikao."

Kornelio alimtazama, akamtazama Yunis, ambaye aliinua mabega na kuondoa kikombe cha chai mezani kabla haijafika saa kumi. Kisha akayeyusha nta, akapaka, vizuri kama alivyompakia mtu yeyote, akafunga skrubu zote nane.

Redio ile ilisema, na inasemekana ilisema miaka mingi, huku wingu limefungiwa ndani likinyesha kila saa kumi. Iliwekewa bakuli chini yake, na mhudumu wa ofisi alikuwa akilimwaga dirishani kila siku saa kumi na nusu, kabla ya kufunga.